Barua ya Yeremia na Miaka Sabini: Ahadi za Mungu Hutimia Namna Gani?

Mapema mwaka huu tuliitwa na kikundi kimoja cha akina mama huku Ukambani tukasaidie kutatua jambo la mkopo. Tulidhani ni kazi ya kawaida: kufungua vitabu vya hesabu, kuuliza nani alichukua nini na lini, halafu kukubaliana jinsi ya kulipa. Vitabu tulivikuta sawa. Mweka hazina wao ni mtu makini, hata shilingi moja haipotei. Shida haikuwa hapo.

Mwanachama mmoja alikuwa amekopa Sh. 15,000 za kikundi ili anunue tangi la maji. Tangi halikununuliwa. Sh. 10,000 alikuwa amempa mhubiri mmoja aliyepiga hema sokoni, ati ni "mbegu". Mhubiri alimsomea Yeremia sura ya 29 mstari wa 11, pale Mungu anapowaambia watu wake kwamba anawawazia mema na kwamba siku zao za mbele zina tumaini. Kisha akamwambia kwamba akipanda mbegu kwa imani, kijana wake atapata kazi kabla ya siku 21 kwisha. Siku 21 zikapita, na nyingine zaidi. Hema liling'olewa, kijana yuko nyumbani, na kikundi kinadai pesa zake.

Wenzake walikuwa wamekasirika. Wengine walitaka atolewe kikundini siku hiyo hiyo. Yeye hakujitetea sana. Alitugeukia akauliza, "Mwalimu, niambie ukweli. Huo mstari uko kwa Biblia ama hauko?" Tukasema uko. "Basi ni Mungu alinidanganya, ama ni mimi sikuamini vizuri?"

Siku hiyo tulimjibu kwa maneno ya kufariji tu, na tukarudi nyumbani tukijua hatukumjibu. Tena tulikuwa na aibu yetu wenyewe. Mwaka uliotangulia, tulipomaliza semina ya utunzaji wa vitabu vya hesabu, tuliwapa washiriki kadi nzuri zenye maua, na juu yake tulikuwa tumepiga chapa mstari huo huo, peke yake, bila kueleza umetoka wapi. Mhubiri wa sokoni alikuta shamba limekwisha kulimwa.

Basi haya ni majibu yetu. Ni marefu kidogo, lakini swali lenyewe ni kubwa, na tunajua si mama mmoja tu anayeliuliza.

Kwanza tuelewe kwamba mstari ule ni sehemu ya barua. Mwaka 597 kabla ya Kristu, jeshi la Nebukadneza, mfalme wa Babeli, liliuzingira mji wa Yerusalemu. Mfalme kijana Yekonia, ambaye pia huitwa Yehoyakini, alichukuliwa mateka pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi. Walipelekwa mbali sana, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Yeremia aliachwa Yerusalemu. Barua aliyowaandikia wale mateka ilipelekwa na wajumbe wawili waliotumwa Babeli na mfalme Sedekia, majina yao Elasa na Gemaria. Kumbe hata zamani zile barua ilipita kwa mkono wa mtu anayesafiri, kama tulivyokuwa tukifanya sisi kabla ya simu.

Barua inasema nini? Wengi wetu tunaanzia mstari wa 11, lakini ukianza juu utakuta mambo mengine kabisa. Jengeni nyumba mkae ndani yake. Limeni bustani mle mazao yake. Oeni, muozeshe watoto wenu, msipungue. Utakieni mema ule mji mlikopelekwa na kuuombea, kwa kuwa ukiwa na amani na ninyi mtakuwa na amani. Msiwasikilize manabii na waaguzi wanaowaota ndoto za uongo. Halafu, baada ya hayo yote, inakuja ahadi: miaka sabini ikiisha, Mungu atawajia na kuwarudisha kwao.

Miaka sabini! Hebu fikiria umekaa chini ya mti huko Babeli, barua inasomwa kwa sauti. Kama una miaka thelathini, maana yake ni kwamba wewe hutarudi. Labda mjukuu wako. Ahadi ile nzuri iliyo kwenye kadi zetu na kwenye vioo vya matatu ilikuwa, kwa wale walioisikia mara ya kwanza, habari ngumu pia. Haikuahidi mtu mmoja kazi wala tangi. Ilikuwa kwa taifa zima, katika wakati unaozidi maisha ya mtu.

Na alikuwako mtu aliyeahidi haraka zaidi. Soma sura ya 28. Nabii mmoja jina lake Hanania, mtu wa Gibeoni, alisimama Hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba kabla ya miaka miwili kwisha, mfalme Yekonia atarudi, na vyombo vya Hekalu vilivyochukuliwa vitarudi. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni, kama ng'ombe wa kulima, kuonyesha kwamba utawala wa Babeli bado utaendelea. Hanania aliichukua ile nira akaivunja mbele ya watu. Hatuambiwi kama watu walipiga makofi, lakini sisi tunadhani walipiga. Nani hapendi kusikia miaka miwili badala ya sabini?

Yeremia mwenyewe alijibu kwanza kwa kusema amina, laiti ingekuwa hivyo. Hakufurahia kuwa mtu wa habari mbaya. Baadaye alirudi na neno kwamba nira ya mti imevunjwa, lakini itakuja ya chuma. Hanania alikufa mwaka ule ule. Na mwaka 587 au 586 kabla ya Kristu (wataalamu hutofautiana kwa mwaka mmoja) Yerusalemu uliteketezwa na Hekalu likabomolewa.

Hapo tuna ahadi mbili zilizotolewa kwa jina la Mungu yule yule, moja ya miaka miwili na nyingine ya sabini. Ile ya miaka miwili haikudai kazi yoyote. Ungeweza kukaa tu ukingoje. Ile ya sabini ilidai jembe, nyumba, harusi na sala kwa ajili ya majirani wasiokuwa wa dini yako. Sisi tunaofanya kazi na vikundi tunaona hapo dalili ya kupima ahadi yoyote tunayoletewa: je, inanirudisha shambani na kwa jirani, au inanitoa huko?

Watu wale walifanya nini na barua ile? Hapa kuna jambo linalotufurahisha sana. Wachimbaji wa Kijerumani waliofanya kazi katika magofu ya Babeli kuanzia mwaka 1899 hadi 1917 walikuta vibao vya udongo vyenye maandishi. Baadhi yake, vilivyochapishwa mwaka 1939, ni orodha za stoo ya mfalme. Humo wameandikwa watu waliokuwa wakipewa mgawo wa mafuta, na mmoja wao ni Yehoyakini, mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano. Mfalme aliyekuwa na kiti cha enzi sasa anapimiwa mafuta kama wakati wa chakula cha msaada! Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya mahindi mwaka wa ukame anaelewa.

Vibao vingine vilivyochapishwa mwaka 2014, zaidi ya mia moja, vinahusu wakulima wa kawaida. Vimeandikwa kati ya mwaka 572 na 477 kabla ya Kristu, na vingi vyataja kijiji kilichoitwa Mji wa Yuda, huko huko Babeli. Ni mikataba ya kukodi mashamba, madeni ya shayiri na tende, kodi za serikali, mashahidi na tarehe. Kwa ufupi, ni vitabu vya hesabu. Majina ya watu wengi humo yana ndani yake jina la Mungu wa Israeli. Kwa hiyo walijenga, wakalima, wakakopa na kulipa, na waliwapa watoto wao majina ya kumkumbuka Mungu wao. Hawakukaa bure.

Mwaka 539 kabla ya Kristu Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliuteka Babeli. Mwaka uliofuata, kama kitabu cha Ezra kinavyosimulia, aliwaruhusu Wayahudi warudi na kujenga Hekalu. Liko gogo la udongo lenye maandishi ya Koreshi, lililopatikana Babeli mwaka 1879 na sasa limewekwa katika makumbusho ya London, ambamo anajisifu kwa kurudisha miungu na watu makwao. Halitaji Wayahudi wala Yerusalemu, tusilitie maneno, lakini linaonyesha kwamba siasa yake ilikuwa ya namna hiyo.

Je, miaka sabini ilitimia? Tukihesabu kutoka mateka wa kwanza wa 597 hadi ruhusa ya Koreshi, tunapata kama 59. Tukihesabu kutoka kubomolewa kwa Hekalu hadi Hekalu jipya lilipokamilika mwaka 515, tunapata kama 71. Biblia yenyewe haina wasiwasi juu ya hesabu hiyo. Zaburi ya 90 inaitaja sabini kuwa miaka ya maisha ya mtu, na pengine Yeremia alimaanisha hivyo: maisha mazima ya mtu mmoja. Mungu hakuandika hundi yenye tarehe.

La kutazama zaidi ni hali yao baada ya kurudi. Ezra sura ya 3 inasimulia siku ya kuweka msingi wa Hekalu jipya. Vijana walipiga kelele za furaha, lakini wazee waliokuwa wameliona Hekalu la kwanza walilia kwa sauti, hata ikawa huwezi kutofautisha kilio na shangwe. Ahadi imetimia, na bado wazee wanalia.

Karibu miaka tisini na mitano baada ya ruhusa ya Koreshi, alipofika Nehemia, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tunaomba kila kikundi kisome Nehemia sura ya 5, hasa kamati za mikopo. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa kulipa kodi ya mfalme, na wengine walikuwa wameanza kutoa watoto wao kuwa watumwa. Waliowakopesha hawakuwa wageni, walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia alikasirika, akaita mkutano, akawaambia wakubwa warudishe mashamba na riba. Alikiri pia kwamba yeye na watu wake walikuwa wamekopesha. Kisha akakung'uta vazi lake mbele yao kama onyo kwa atakayevunja neno.

Kwa hiyo nchi waliipata, Hekalu walilipata, lakini ndugu alikuwa bado anamnyonga ndugu. Ndiyo sababu waliendelea kungoja. Yeremia mwenyewe, katika sura ya 31, alikuwa amesema juu ya agano jipya ambalo sheria yake itaandikwa moyoni, si kwenye mawe. Na katika Isaya sura ya 61 tunasikia juu ya mtu aliyepakwa mafuta na kutumwa kuwapelekea maskini habari njema na wafungwa uhuru.

Hapa ndipo imani yetu Wakristu inaposimama. Tunaamini kwamba ahadi hizo zote zinakutana katika mtu mmoja, Yesu wa Nazareti. Luka sura ya 4 inasema aliingia katika sinagogi la kwao siku ya Sabato, akasoma maneno hayo ya Isaya, akakunja kitabu, akaketi, na kuwaambia kwamba yametimia leo. Na jioni ile ya mwisho alipowapa wanafunzi kikombe, alikitaja kuwa agano jipya, neno lile la Yeremia. Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba ahadi zote za Mungu, hata zikiwa nyingi namna gani, zimepata ndiyo yake katika Yesu. Tunaposema ahadi za kale zimetimia, maana yake ni hiyo. Mungu hakutuma kitu, alikuja mwenyewe.

Lakini msomaji mwangalifu atauliza: kama wafungwa walitangaziwa uhuru, mbona Yohane Mbatizaji alikufa gerezani? Ni swali zuri, na Yohane aliliuliza mwenyewe. Luka sura ya 7 inasema aliwatuma wanafunzi wake kwa Yesu kuuliza kama ndiye, au wamngoje mwingine. Yesu aliwaambia warudi wakaseme waliyoyaona: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa. Hakutaja wafungwa. Yohane hakutolewa, alikatwa kichwa. Hakuna mahali popote ambapo Yesu anasema Yohane alikosa imani. Kinyume chake, alimsifu mbele ya makutano kuliko mtu mwingine yeyote.

Hilo tulilirudia mara mbili tulipokwenda tena kwenye kile kikundi, kwa sababu mama yule alikuwa amebeba mzigo kwamba yeye ndiye mwenye makosa ya kuamini vibaya. Wahubiri wa mbegu huacha nyuma yao mzigo huo. Ahadi yao ikishindwa, kosa ni lako. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unawataja Abrahamu na Sara na wengine wengi, kisha unasema wazi kwamba walikufa kabla ya kupokea walichoahidiwa, wamekiona kwa mbali tu na kukisalimia. Unawasifu kwa imani yao, wala hauwalaumu.

Kanisa linafundisha kwamba utimilifu umeanza na haujakamilika. Katika kila Misa, baada ya mageuzo, tunatangaza mambo matatu kwa pumzi moja: Kristu alikufa, amefufuka, na tunangoja kuja kwake. Ya kwanza mawili yamekwisha kuwa. La tatu bado. Mkristu anaishi katikati hapo, na mtu akikwambia hakuna tena kungoja, kwamba yote ni ya kuchukua leo ukilipa, ameikata Misa katikati.

Neno dogo kabla hatujaendelea. Kusema ahadi zimetimia katika Kristu si kusema Mungu amewatupa Wayahudi, ambao ndio waliopewa ahadi hizo kwanza. Tumewahi kusikia hivyo katika mahubiri fulani na tukasikitika. Paulo anakataa katika Warumi sura ya 11, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba Mungu hajutii zawadi zake. Kama angewavunjia wao, sisi tungemtegemea kwa lipi?

Wengine watatuuliza: basi tusiombee kazi, mvua na afya? Tuombe sana. Yesu alitufundisha kuomba mkate wa kila siku. Lakini kuomba ni kitu kimoja, na kununua ni kingine. Sadaka ya shukrani hutolewa kwa pesa zako, na humwambii Mungu tarehe. Pesa za kikundi si zako hata zikiwa mkononi mwako. Ni jasho la watu ishirini na wawili. Hilo tulimwambia mama yule bila kuficha, na alikubali.

Mkutano wa pili ulichukua saa tatu. Tulisoma sura nzima ya 29, halafu Nehemia ya 5. Mzee mmoja, mume wa katibu, alikuwa amekuja kurekebisha mlango akabaki kusikiliza. Yeye amepanda miche ya mukau nyuma ya boma, na kila mtu anajua mukau ni mti wa kungoja miaka mingi ndipo upate mbao. Akasema, "Mimi nina miaka sabini na tatu. Hiyo barua mngenisomea mapema." Watu wakacheka.

Halafu wakaanza kubishana juu ya deni. Wengine, wakimtumia Nehemia, walitaka riba na faini zote zifutwe. Mweka hazina alisimama akakataa: Nehemia alikuwa anasema na matajiri, alisema, na hapa hakuna tajiri, riba ni ya wanachama wote na ndiyo hugawanywa Desemba. Tulimwona ana hoja. Mwisho walipiga kura. Faini ya kuchelewa ilifutwa, riba ikabaki. Mama alirudisha Sh. 5,000 alizokuwa nazo bado, na zile 10,000 atalipa kwa miezi kumi. Hakutolewa kikundini. Walikubaliana pia kwamba tangu sasa mkopo wa tangi utalipwa moja kwa moja kwa mwenye duka, na wanachama wawili waende kulichukua.

Kijana wake hajapata kazi ya kuandikwa. Kwa sasa anamsaidia yule mzee kumwagilia miche, kwa malipo madogo. Mama mwenyewe ametuomba tukija tena tulete Yeremia kuanzia sura ya kwanza, na kadi zilizobaki ofisini tumeandika kwa kalamu, chini ya ule mstari: soma barua yote.